Namna ya kuwachanja watu wazima hapo hapo kwenye zahanati yako

Wenzangu wa zahanati na vituo vya afya, manesi, matabibu, waganga wafawidhi, hii nawaandikia nyinyi. Watoto Tanzania tunawachanja vizuri kabisa, mama yeyote ukimuuliza anajua wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kadi ya mtoto anaitunza kuliko cheti cha ndoa. Sasa muangalie baba wa huyo huyo mtoto. Leo kaja na malaria, mwezi ujao kaja na kidonda cha jembe, mwezi mwingine kamleta mama mkwe wake kliniki ya presha, kaingia na kutoka kituoni kwetu weee na hakuna hata mmoja aliyemuuliza habari ya chanjo. Halafu tukikaa vikao tunasema watu wazima wagumu, waoga, wanaamini uvumi. Waoga wapo, sikatai, ila wengi hawajakataa kitu chochote, ni kwamba hawajaulizwa. Na akiulizwa na mtu anayemuamini, hapo hapo alipo, na sindano ipo tayari siku hiyo hiyo, wengi wanavua koti wanachomwa.

Kwanza tukubaliane tunaongelea chanjo zipi maana watu wakisikia mtu mzima anachanjwa wanawaza UVIKO tu. Ya kwanza ni pepopunda, ile Td (pepopunda pamoja na dondakoo), ambayo tumeizoea kwa wajawazito lakini mkulima, fundi ujenzi, mvuvi, bodaboda wote wanaihitaji, kwa sababu kinga ya zile dozi za utotoni inapungua kadri miaka inavyokwenda. Ya pili homa ya ini B. Hapa kuna jambo kubwa ambalo watu hawalifikirii: chanjo ya homa ya ini iliingia kwenye chanjo za watoto Tanzania mwaka 2002, kwa hiyo karibu kila mtu aliyezaliwa kabla ya hapo hakuipata utotoni, na hao ndio wanaojaza mabenchi yetu ya OPD, wagonjwa wa nje, kila asubuhi. Ya tatu kichaa cha mbwa kwa aliyeng'atwa. Kuna UVIKO kwa wazee na wenye magonjwa sugu, na kuna za wasafiri, homa ya manjano na ile ya uti wa mgongo kwa mahujaji, ambazo zahanati nyingi hazina ila jukumu lako ni kumwambia mtu mapema aende wapi, kwa sababu cheti cha homa ya manjano kinaanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchomwa na hujaji naye anatakiwa awe amechanjwa angalau siku 10 kabla ya kufika Saudia. Mtu anayekumbuka juzi ya safari anahangaika bure. Na cheti cha homa ya manjano tangu Julai 2016 ni cha maisha, kwa hiyo mwenye kile kitabu cha zamani kilichoandikwa miaka 10 asichomwe tena kwa sababu tu tarehe imepita.

Anzeni na nyinyi wenyewe. Sisemi hivi kwa ajili ya kuonyesha mfano tu. Ukijichoma kwa bahati mbaya na sindano iliyotoka kwa mgonjwa mwenye homa ya ini B na wewe huna kinga, uwezekano wa kuambukizwa unaweza kufika asilimia 30, wakati kwa VVU ni kama asilimia 0.3. Angalia hiyo tofauti halafu niambie kwa nini tunaogopa kimoja na kingine tunakiacha. Na mnaposema watumishi msiishie kwa nesi na daktari, dada anayefagia leba, kaka anayechoma taka, anayefua mashuka, hao wanashika damu kila siku na mara nyingi hakuna aliyewakumbuka. Tengenezeni orodha ya kila mtu anayefanya kazi hapo kituoni, dozi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ibandikeni chumba cha watumishi. Faida yake nyingine ni kwamba mgonjwa akikuuliza "we nesi umechanjwa?" unamjibu bila kumung'unya maneno.

Sasa kuuliza kwenyewe. Usimuachie daktari peke yake maana daktari ana foleni mpaka nje ya mlango, atasahau, na sio kosa lake. Swali liwekwe pale ambapo kila mtu lazima apite, yaani kwa anayepima uzito na presha. Akishaandika presha anauliza swali moja tu, mara ya mwisho kuchanjwa pepopunda na homa ya ini ilikuwa lini, na jibu linaandikwa juu ya kile kikaratasi au daftari la mgonjwa, pembeni ya presha, ili kila anayefuata alione. Mkiwa na mfumo wa kompyuta kama GoTHOMIS andikeni kwenye maelezo ya mgonjwa, ila kikaratasi kisiachwe kwa sababu umeme ukikata kikaratasi kipo.

Halafu, na hili ni la mganga mfawidhi, andika maelekezo ya kudumu kwenye karatasi, saini, bandika ukutani chumba cha chanjo na chumba cha vidonda: muuguzi aliyefunzwa anaruhusiwa kumchanja mtu mzima Td bila kusubiri kuandikiwa na daktari, mradi hana historia ya mzio mkali wa chanjo hiyo na hajawa mgonjwa sana siku hiyo. Homa ndogo na mafua sio sababu ya kumrudisha mtu. Karatasi moja tu hiyo ila bila hiyo utakuta nesi anajua kabisa huyu anatakiwa kuchanjwa, anamtuma kwa daktari, daktari yuko wodini, mgonjwa anasubiri, anachoka, anaondoka, basi.

Mahali ambapo wanaume wanapatikana bila kuwatafuta ni chumba cha vidonda. Mazungumzo yenyewe yaende hivi, fundi kakanyaga msumari, nesi anamsafisha:

"Pole kaka. Huu msumari ulikuwa na kutu?"

"Ulikuwa kwenye mbao za zamani dada, sijui."

"Sindano ya pepopunda mara ya mwisho ulichomwa lini?"

"Aah, sikumbuki, labda nikiwa mdogo."

"Haya, leo nakuchoma ya kwanza hapa begani, halafu ya pili baada ya wiki 4, ya tatu miezi 6 baada ya hiyo. Bega gani unalofanyia kazi zaidi?"

"La kulia."

"Basi tunatumia la kushoto."

Angalia alichofanya hapo. Hakuuliza "ungependa kuchanjwa?" kana kwamba ni kitu cha ziada, amesema leo nakuchoma, akaeleza ratiba, akampa nafasi ya kuchagua bega, na kaka akitaka kukataa nafasi ya kukataa anayo, lazima iwepo, hatumchomi mtu kwa nguvu. Ila ukianza na "sijui kama utapenda…" unamwambia mtu kwamba hata wewe huna uhakika. Maneno ya nesi au daktari kusema wazi "mimi nakushauri uchanjwe leo" yana nguvu kuliko mabango yote ya ukutani. Na kidonda kikiwa kirefu na kichafu na mtu hajawahi kuchanjwa, Td peke yake haitoshi, anahitaji na ile sindano ya kinga ya papo kwa papo, kama huna mpe rufaa siku hiyo hiyo.

Kwa wazee mambo yanabadilika kidogo. Shikamoo kwanza, muulize hali, miguu, wajukuu, usiende moja kwa moja kwenye sindano kama vile unakimbizwa. Mzee ukimwambia "baba, dawa ya presha nimekupa, kuna na chanjo ya umri wako nataka nikupe leo usije ukasumbuka njia tena" anaelewa vizuri, hasa hilo la kusumbuka njia, nauli ya bodaboda ni hela.

Uvumi nao una njia yake. Mtu akisema amesikia chanjo inamaliza nguvu za kiume au inafunga kizazi usimcheke wala usimpe lekcha, muulize umesikia nini hasa na nani kakwambia, msikilize mpaka amalize, halafu jibu hicho hicho alichouliza kwa maneno machache. Kenya mwaka 2014 kulikuwa na mvutano mkubwa wa chanjo ya pepopunda, maaskofu Wakatoliki walidai imechanganywa na homoni ya kuzuia mimba, serikali na WHO wakakanusha. Ukiangalia swali lililowasumbua wananchi lilikuwa la kawaida tu, kwa nini inapewa wanawake wa miaka 14 hadi 49 peke yao? Jibu lipo, pepopunda inamuua mtoto mchanga kupitia kitovu, mama akiwa na kinga mtoto anazaliwa nayo, lakini kama jibu linakuja baada ya swali kushasambaa umechelewa. Ndio maana mimi naamini zahanati inayowachoma Td na mafundi na wakulima inajisaidia hata kwa wajawazito, uvumi wa kwamba ni sindano ya kuwalenga wanawake unakosa pa kushika maana mume wake naye kachomwa hiyo hiyo.

Haya, tuje kwenye kitu kinachowakwamisha wengi na hawakisemi kwa sauti: chupa. Td mara nyingi inakuja chupa ya dozi 10, nesi akiona mtu mmoja anawaza nikifungua nitamwaga 9, ripoti itaonyesha upotevu, nitaulizwa, kwa hiyo anamwambia njoo Alhamisi siku ya kliniki ya wajawazito. Huyo mtu harudi Alhamisi. Na wala hakuna sababu ya kumrudisha, kwa sababu Td na homa ya ini ni chanjo za maji zenye dawa ya kuhifadhi, chupa ikifunguliwa unaweza kuendelea kuitumia mpaka siku 28 kama imekaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, haijapita tarehe ya mwisho, kizibo hakijazama majini, umechota kwa usafi, na kile kibandiko cha VVM cha kuonyesha kama chanjo imepigwa na joto bado kiko vizuri, yaani mraba wa ndani ni mweupe kuliko duara linalouzunguka. Andika tarehe ya kufungua kwenye chupa kwa kalamu isiyofutika, basi. Zinazotakiwa kutupwa ndani ya saa 6 ni kama BCG ya kifua kikuu, surua rubela na homa ya manjano, hizo za unga wa kuchanganya na maji, usizichanganye na Td kichwani.

Ila kuna adui mwingine wa hizi chanjo mbili ambaye VVM haimuonyeshi, nae ni kuganda. VVM inaonyesha joto tu. Jokofu likiwa limewekwa kali sana au chupa zimegusana na bonge la barafu kwenye kisanduku cha kubebea, Td na homa ya ini zikiganda zimeharibika hata kama zimeyeyuka na zinaonekana nzima. Ukiwa na wasiwasi fanya jaribio la kutikisa: chukua chupa moja ya aina hiyo hiyo na toleo hilo hilo, igandishe makusudi mpaka iwe barafu, iyeyushe, halafu itikise pamoja na ile unayoishuku, ziweke mezani uziangalie. Ile uliyoigandisha itaanza kutuama chini haraka na juu kubaki maji maji. Ile nyingine ikituama kasi ile ile au zaidi, tupa. Unaweza kuwa umechanja kijiji kizima na maji, hakuna kinachouma kama hicho.

Homa ya ini B nayo ina mambo yake. Ni dozi 3, leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6 tangu ya kwanza, na sehemu nyingi mtu mzima analipia. Mwambie ukweli wote mwanzoni, bei ya kipimo cha kuangalia kama tayari anao ugonjwa na bei ya dozi zote 3, asije akashtuka ya pili. Kipimo cha haraka kinatoa majibu ndani ya nusu saa, kwa hiyo apimwe na achomwe siku hiyo hiyo, ukimpima leo ukamwambia majibu kesho na chanjo wiki ijayo umemkaribisha apotee. Anayekutwa nayo tayari chanjo haimsaidii, usimwache anatoka analia mlangoni, mkalishe, mwelekeze hospitali ya wilaya kwa uchunguzi zaidi, na mwambie mwenza na watu wa nyumbani waje wapimwe na wachanjwe, hapo umepata watu 4 au 5 wenye sababu kubwa ya kuchanjwa kuliko mtu yeyote. Wateja wa CTC, kliniki ya wanaoishi na VVU, pia wasisahaulike, tayari wana tarehe zao za kuja kuchukua dawa, panga dozi ziangukie tarehe hizo hizo.

Kurudi kwa dozi ya pili na ya tatu ndiko tunakopoteza watu wengi, na dawa yake ni boksi. Tafuta boksi la viatu, weka vigawanyo 12 vya miezi. Kila anayechomwa ana kadi mbili, moja anaondoka nayo, nakala inaingia kwenye mwezi anaotakiwa kurudi. Kachomwa homa ya ini 10 Januari, nakala inakaa Februari, akija Februari inahamia Julai. Mwisho wa mwezi kadi zilizobaki kwenye kigawanyo ndio watu ambao hawajaja, unachukua simu unapiga. Namba ya simu andika mbili, ya kwake na ya mtu wa karibu, maana laini zinapotea. Na unapopanga tarehe usiangalie kalenda yako peke yako, muulize "siku hiyo utakuwa wapi?" Kama gulio ni Jumanne na yeye lazima aje gulioni, mpangie Jumanne. Mvuvi muulize mwezi mchanga au mbalamwezi, dagaa wanavuliwa giza, kwa hiyo zile siku za mbalamwezi ndio yuko nyumbani, hapo ndipo umpangie.

Aliyeng'atwa na mbwa anahitaji nguvu ya peke yake. Kwanza sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, hata kama alishaosha nyumbani, hata kama kidonda kidogo. Halafu dozi siku ya 0, ya 3, ya 7 na moja kati ya siku ya 14 na 28 kama unachoma kwenye msuli. Watu wanaacha baada ya ya kwanza au ya pili kwa sababu kidonda kimepona na hela imeisha, na ugonjwa huu dalili zikishaanza mtu hawezi kuokolewa tena. Mwambie hivyo hivyo bila kuzunguka, mbele ya ndugu aliyemsindikiza, na huyu usisubiri mwisho wa mwezi kwenye boksi, mpigie siku ile ile asipoonekana.

Kuna watu ambao hawaji kituoni kabisa, vijana wenye afya hasa. UVIKO ulitufundisha. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia alichanjwa hadharani Ikulu Dar es Salaam, zikaanza zile chanjo za Janssen zaidi ya dozi milioni 1, na bado mwanzoni watu walijitokeza taratibu sana kwa sababu tulikaa vituoni tukiwasubiri. Tulipotoka kwenda minadani, stendi, misikitini baada ya swala ya Ijumaa, makanisani, mlango kwa mlango, ndio mambo yakabadilika. Huduma mkoba ya kuwafuata watoto vijijini mnayo tayari, gari lipo, kisanduku cha baridi kipo, ongezeni Td ya watu wazima humo humo. Mhudumu wa afya wa jamii atangulie siku moja kabla aongee na mwenyekiti wa kitongoji na kiongozi wa kijiwe cha bodaboda, kiongozi akichomwa wa kwanza wenzake wanapanga foleni wenyewe. Na kama kituo kinaweza kufungua chumba cha chanjo Jumamosi asubuhi au jioni moja kwa wiki fanyeni, mama lishe hawezi kuacha sufuria jikoni saa 4 asubuhi.

Baada ya kuchoma mtu akae dakika 15 kwenye benchi unalomuona, na adrenalini iwe mkononi sio kabatini kwenye chumba kilichofungwa. Maudhi madogo mwambie kabla hajayasikia mwenyewe, bega litauma, anaweza kupata joto kidogo usiku, kesho kutwa inaisha. Asiyeambiwa ndio anaenda kusema mtaani chanjo imemlaza.

Kuhesabu msifanye ugumu. Karatasi moja kwa siku, safu tatu: watu wazima waliokuja, walioulizwa, waliochanjwa, mnapiga vijiti. Tuseme wamekuja 40, wameulizwa 12, wamechanjwa 9. Hapo tatizo sio watu kukataa, 9 kati ya 12 wamekubali, tatizo ni 28 ambao hawakuulizwa. Ingekuwa wameulizwa 38 wakachanjwa 5 ndio mngekaa kujadili maneno mnayotumia au kama sindano zilikuwepo kweli. Wekeni hizo namba mbele ya kikao cha watumishi kila mwezi, bila kumsema mtu, chumba kwa chumba tu.

Kabla hamjaanza haya yote ongea na mratibu wa chanjo wa wilaya. Maombi ya Td kwa kawaida yanapigwa kwa makisio ya wajawazito wa eneo lako, ukianza kuwachoma na mafundi na wakulima akiba itaisha katikati ya mwezi na mjamzito atakosa, hilo halikubaliki. Nenda na namba za wagonjwa wa vidonda na OPD kutoka kwenye kitabu namba 5 cha MTUHA (kumbukumbu za kituo) cha miezi 3 iliyopita, muonyeshe unategemea kuchoma wangapi, mkubaliane kiasi cha nyongeza na kiasi kipi kikifikiwa unaacha kuwachoma wengine mpaka mzigo mpya ufike. Andikeni hicho kiwango kwenye mlango wa jokofu.